Mwanangu, nenda kamwone mwalimu wako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima. Sisi huku hatujambo, ila goti la nyanyako limeanza tena na huu upepo wa kusi.

Jumanne jioni nilikuwa natoa mahamri ya mwisho karaini, simu ikalia, namba nisiyoijua. Alikuwa mwalimu wako wa Kiswahili huko chuo cha ualimu. Nilidhani umeugua au umefikwa na kubwa zaidi, moyo ukaniruka. Akaniambia hujaonekana kwenye somo lake mara tatu mfululizo, na wenzako wakikufuata chumbani unasema kichwa kinauma. Mahamri yaliungua pale pale mbele yangu, nisiyaone.

Na Jumatatu yake tulikuwa tumezungumza! Nilikuuliza masomo yanaendaje, ukanijibu, "Niko sawa, mama." Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu neno lako ni hilo moja, kisha bando imekwisha.

Nenda kamwone mwalimu wako. Naanza na hilo na nitalirudia.

Amenisimulia yote, ambayo ilikuwa wewe unisimulie. Kwamba ilikuwa zamu yako kuwafundisha wenzako, wao wakiwa kama watoto wa Gredi ya 2, ukasimama na andalio lako la somo mkononi, picha zako umezibandika ubaoni, ukawaambia, "Fumbeni mato," badala ya macho. Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akasema kumbe Mswahili wa Mombasa hajui Kiswahili. Ukaweka chaki mezani, ukatoka, na mpaka leo hujarudi.

Nilikasirika, wallahi. Nilitamani nipande gari usiku ule ule mpaka huko Taita niwaulize wao hicho Kiswahili walikipata wapi. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kumsikia mtu akisema Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, ni Kiswahili kibovu. Angekwambia kuwa mwaka 1928 wakubwa wa serikali ya kikoloni na wamishenari walikutana hapa hapa Mombasa kuamua lahaja gani ifundishwe shuleni Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wamishenari wa huku walikitetea Kimvita, lakini Kiunguja kikashinda, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Mambo yaliamuliwa mezani, mwanangu. Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa, alikufa mwaka 1840, hakuambiwa na mtu kuwa "mato" ni kosa, na tungo zake mpaka leo zinasomwa vyuo vikuu kwa Kimvita chake kile kile. Sisi husema kitwa kwa kichwa, mtanga kwa mchanga, ndia kwa njia, nde kwa nje. Nyanyako akikuita hukwambia "ndoo", yaani njoo, na hajakosea.

Lakini haya sikuandikii upate la kujitetea. Mtihanini andika macho. Ukisimama mbele ya watoto sema macho, kwa sababu vitabu watakavyopewa vimeandikwa hivyo, na mtoto wa Garissa au wa Kakamega utakayepelekwa kumfundisha hana wa kumtafsiria mato. Ndiyo kazi uliyoichagua. Wewe una Viswahili viwili mdomoni, kimoja cha nyumbani na kimoja cha ubaoni, na hao waliokucheka kila mmoja ana maneno ya kwao yanayomponyoka. Ngoja zamu zao zifike, utayasikia. Na yakiwaponyoka, nakuomba usiwacheke.

Jambo jingine alilolisema mwalimu, nalo nimelificha mpaka hapa ili usilisome peke yake ukaacha mengine: kwamba andalio lako lilikuwa zuri kuliko yote aliyoyaona muhula huu, na zile picha ulizochora kwa makaa na kalamu za rangi ameziweka kabatini mwake, zinakungoja. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nyanyako naye nikamwambia, akamwambia jirani, sasa mtaa mzima wajua.

Sasa mtu mwenye kazi kama hiyo anajifungia chumbani kwa neno moja?

Ulipopata nafasi hapo ulilia, ukasema chuo chenyewe hata bango lake barabarani limefutika, na darasa lenu watu 34 tu. Binamu yako alikwenda chuo kikubwa ulichokitaka wewe. Alilala na malaria wiki mbili, na hakuna mwalimu aliyejua kama yupo au hayupo. Wako wengi mno, ukumbi haujui nani hakuja. Wewe umekosa mara tatu tu, mwalimu akatafuta namba ya mamako. Najua chuo kidogo kina ubaya wake. Ukiteleza asubuhi, adhuhuri mpishi wa jikoni anayo habari, na waliokucheka darasani ndio hao hao utakaokutana nao bombani unapoteka maji. Hakuna pa kujificha. Lakini afadhali hivyo. Kamwone, mwanangu. Hatakugombeza. Sauti yake haikuwa ya mtu wa kugombeza.

Siku ile ya harusi ya shangazi yako unaijua, sina haja ya kuirudia. Juzi nilipokuwa nikilalamika kwa nyanyako kwamba huyu mtoto akiguswa kidogo tu hufunga mdomo, sijui katoa wapi tabia hii, nyanyako hakuinua kichwa kutoka kwenye mbaazi alizokuwa akichambua. Alisema tu, "Yuwanyamaza kwa kuwa alinyamazishwa." Akaendelea kuchambua. Nimelala nalo neno hilo siku tatu. Mbele za wageni nilikuwa naona haya ya watu, nikidhani ndivyo mtoto anavyolelewa. Ukija likizo tutazungumza. Au usiseme nami, sema na yeye, lakini sema.

Kuhusu karo usiwe na wasiwasi, ya muhula huu imelipwa yote. Cherehani ya nyanyako hutaikuta ukirudi. Anasema macho yake hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo usimuulize. Diploma yako ni miaka mitatu, na huu muhula wa kwanza ndio mgumu. Baadaye mtapelekwa kwenye mashule kufundisha watoto wa kweli, na watoto hawatakucheka kwa mato. Watakucheka ukiwa na chaki puani.

Maji yamekatika tena, siku ya sita leo. Tunanunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita ishirini tunaupimia kikombe kama mafuta. Kaka yako amepata vibarua bandarini, siku nyingine anaitwa, siku nyingine anarudi na nauli yake. Nimemwambia asikupigie kukueleza habari za kazi za Uarabuni, maana nilimsikia siku moja akikwambia kuna ajenti. Ikiwa umeanza kuliwaza hilo, liondoe. Nazi zimepanda, na mahamri bila tui zito wateja wanajua, wanakuangalia tu wanavunja kipande wanarudisha sahanini. Nimepunguza idadi, sijapunguza tui. Friji imetengenezwa. Paka wako amezaa chini ya kitanda chako, watatu.

Umesema huko ukungu hauondoki mpaka saa nne. Kwenye kifurushi nimekuwekea sweta mbili za Kongowea. Ile ya kijani kifungo kimoja si cha kwake, nilikishona usiku umeme ukiwa umepotea. Zivae, usiziweke sandukuni kwa kuona ni za mtumba. Kuna achari ya embe, pilipili ya kusaga, na khanga ya kujifunika. Kula jikoni na wenzako, usichukue sahani ukaenda kula kitandani. Hilo pia mwalimu ameliona.

Kifurushi nimempa dereva wa Voi pale Mwembe Tayari. Kutoka Voi atakipandisha gari la Wundanyi, nawe ukipokee stendi kesho kabla ya adhuhuri, mahamri yasichache.

Yako mafungu mawili, yote nimeyafunga kwa gazeti. Lenye uzi mweupe ni lako na wa chumbani kwako. Lenye uzi mwekundu, mahamri kumi na mawili, ni la mwalimu wako wa Kiswahili. Nimempigia kumwambia yanakuja na kwamba utayaleta wewe. Usimtume mtu. Mpelekee mwenyewe, kwa mkono wako, kabla hayajachacha.

Mamako