Kwa nini simu yako inakaa saa moja zaidi mezani kwetu

Mteja akileta simu iliyokwama kwenye nembo, inawaka, inazima, inawaka tena, swali la kwanza ni lile lile: "Fundi, dakika ngapi?" Kuflashi kwenyewe, yaani kuiwekea simu programu yake upya, mara nyingi hakumalizi nusu saa. Sisi tunaomba saa moja juu yake, na wapo wanaoguna na kuhamia meza ya jirani. Mafundi hapa Mwanga, Kigoma, hatujapungua. Hiyo saa ni ya kuchukua nakala ya vilivyomo ndani ya simu kabla ya kuflashi, na inaenda hivi.

Kumbukumbu ya simu si gunia moja. Imegawanywa vyumba, mafundi tunaviita partisheni, na kila kimoja kina jina lake. Boot ndicho kinachoiamsha simu. Userdata ndimo zilimo picha, meseji na WhatsApp yako. Halafu kuna vile vidogo ambavyo mteja hajawahi kuvisikia: nvram, nvdata, protect1, protect2. Kwenye simu za chipu ya MediaTek, na Tecno na Infinix nyingi tunazoletewa ni za chipu hiyo, humo ndimo zinakaa namba za IMEI, zile za kuitambulisha simu kwenye mtandao, na vipimo vya redio ya kushikia mtandao vilivyowekwa kiwandani kwa simu hiyo moja, si kwa toleo zima. Faili la kuflashi tunalopakua mtandaoni halina vitu hivyo. Vikifutika bila nakala, hakuna pa kuvipakua.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Zamani kidogo niliflashi simu ya mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi, nikachagua kufuta vyote ili nimalize haraka. Simu ikawaka safi, mama akashukuru, akaenda zake. Jioni karudi: laini zote mbili hazishiki mtandao, wateja wake wa Kasulu wameshinda wakimpigia hapatikani. Nikabonyeza *#06#. Palipotakiwa tarakimu 15 palikuwa patupu. Nilimnunulia simu nyingine.

Sasa hivi tunaanza na programu iitwayo mtkclient. Ni ya bure, na kazi yake kubwa inafanyika kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri. Tunazima simu, tunashikilia vitufe vya sauti, tunachomeka waya, na kabla Android haijaamka programu inaongea na chipu yenyewe. Ndiyo maana hata simu iliyokwama kwenye nembo inasomeka. Amri ni fupi hivi:

mtk r nvram nvram.bin

Herufi r ni ya kusoma. Ukiweka w unaandika, ukiweka e unafuta. Ni herufi moja tu, kwa hiyo ukinikuta nimeinama hapo usinisemeshe.

Kupata faili bado si kupata nakala. Tunasoma chumba kile kile mara mbili, kisha tunalinganisha alama za sha256 za mafaili yote mawili, yaani mstari wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe kama alama ya kidole. Zikitofautiana hata herufi moja, waya ni mbovu au tundu la chaji limelegea, tunaanza upya. Na tunalifungua faili kulitazama, maana limewahi kutoka na ukubwa sahihi kabisa, ndani sifuri tupu.

Kuhusu picha niseme wazi, maana hapa ndipo tunapogombana. Simu zinazokuja na Android 10 na kuendelea hufungwa kwa usimbaji, na ufunguo umefungamana na chipu ya simu hiyo. Tunaweza kunakili userdata nzima, lakini ukiipeleka kwenye simu nyingine ni takataka tu. Simu ikiwa bado inawaka, tunahamisha picha kwanza kwa njia ya kawaida. Ikiwa haiwaki, hatuahidi. Na baadhi ya chipu mpya zimefungwa, mtkclient haiingii. Tukikutana nayo tunakupigia kabla ya kugusa chochote.

Usituombe pia tuchukue nvram ya simu nyingine tukuwekee. Hiyo ni kubadilisha IMEI, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaihesabu kuwa kosa. Tunachorudisha ni cha simu yako mwenyewe. Nakala tunakuwekea kwenye memori kadi yako, yetu tunaifuta baada ya mwezi.

Ukija, njoo na boksi la simu kama bado unalo, IMEI imeandikwa ubavuni. Anayewahi boti ya Kagunga alete simu jana yake.