Kifumbu changu na mchuzi wa viazi vitamu

Langoni, Lamu

Shoga yangu,

Salamu nyingi baada ya salamu. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila upepo wa kusi umeshika na wanaovuka bahari kutoka Mokowe wanashuka wamelowa kama waliooga na nguo.

Umeniuliza ule mchuzi niliokupikia mwanao alipotoka homani. Nilicheka peke yangu, maana ni wewe uliyesema siku ile kwamba viazi vitamu ni vya futari, visipopata sukari na iliki havina maana. Hauko peke yako. Mama mkwe wangu kila akiuona huuliza, "Kwani mwezi umeandama?" Kisha anaongeza sahani ya pili.

Haya, sikiliza. Hapa tunapata viazi vya Mpeketoni, vinauzwa kwa mafungu pale sokoni mbele ya ngome. Huko Nairobi uliko usibabaishwe na ganda. Kwaruza kwa ukucha, utake vile ambavyo ndani ni rangi ya chungwa. Kwa kinywa changu vyeupe ni vitamu zaidi, sikufichi, lakini muuguzi wa kliniki alitueleza kuwa ile rangi ndiyo mwili unayoigeuza vitamini A, na haipokelewi vyema bila mafuta. Kwa hiyo usije ukaninyimia mtoto tui ukidhani ni anasa.

Loweka glasi moja ya kunde kavu tangu usiku. Asubuhi zichemshe kando mpaka zilainike. Kwenye sufuria nyingine kaanga kitunguu kikubwa kimoja, thomu na tangawizi ya kutwanga, kijiko cha chai cha bizari ya manjano, na nusu yake bizari nzima, yaani jira, iliyosagwa. Nyanya tatu. Hapo kwenye nyanya ndipo wengi mnapofanya haraka. Ngoja mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni. Mwaga kunde, tui jepesi, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima. Usiipasue, kuna mtoto.

Sasa viazi, nusu kilo. Vikate vipande vikubwa, kama kiberiti hivi, uvitie tui likishachemka, si kabla. Robo saa vimeiva. Mwiko uweke mbali. Shika sufuria kwa kitambaa uitikise. Mara yangu ya kwanza nilivitia pamoja na kunde, nikapanda darini kuanika nguo, na ukinijua mimi na jirani yangu wa dari ya pili utajua nilikaa huko muda gani. Nilishuka nikakuta uji wa manjano. Mume wangu akala kimya mpaka akamaliza, ndipo akauliza, "Na mchuzi uko wapi?"

Tui zito ni la mwisho. Punguza moto, limimine, kisha chota kwa upawa juu juu na kumwaga, chota na kumwaga, mpaka lianze kutokota. Usiligeuzie mgongo, likikatika ndiyo basi, utaona mafuta huku na maji kule. Tia konzi moja ya mchicha uliokatwa, epua. Ndimu kamulia kwenye sahani, sio kwenye sufuria, tui halipatani nayo motoni. Lakini usiiache, yule muuguzi alisema inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye kunde.

Najua utasema nazi za huko ni ghali na nyingine ukivunja zimeoza. Basi nunua tui la kopo. Nusu yake lichanganye na glasi mbili za maji, hilo ndilo tui jepesi lako. Nusu iliyobaki ni zito. Mimi silipendi, nalisikia harufu ya bati, ila mtoto hatajua. Mpondee viazi na kunde kidogo kwenye wali, mchuzi uwe mwingi.

Nimekufungia viazi kwenye kikapu, dereva wa basi atakupigia akifika. Kikapu kikirudi kisirudi kitupu: kifumbu changu cha kuchujia tui ulichoondoka nacho tangu Maulidi nakitaka. Nakamua nazi kwa chujio la chai, na jana mgeni wa watu alikuwa akitoa chicha za nazi kwenye meno mbele yangu.

Mbusu mwanangu.

Shoga yako wa Langoni