Mgonjwa anayeachishwa vyakula aambiwe pia atakula nini kesho asubuhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowaangusha watu wengi hapa Dodoma, nalo ni siku za mwanzo za mlo wa kuondoa vyakula kwa muda. Nakusudia ule utaratibu ambao mtu anayesumbuliwa na tumbo kujaa gesi, kuharisha kusikokoma au ukurutu wa ngozi huelekezwa na daktari au afisa lishe aache vyakula vinavyoshukiwa kumdhuru kwa wiki 2 hadi 4, pengine hadi 6, kisha avirudishe kimoja kimoja huku akiangalia mwili unavyovipokea. Utaratibu huu si mgeni katika tiba, kwani daktari Albert Rowe wa Marekani aliuandikia tangu miaka ya 1920. Unaendelea kutumika kwa sababu, kwa vyakula vingi ambavyo mwili hauvistahimili ingawa si mzio halisi, hakuna kipimo cha damu cha kuaminika, na hivyo mwili wenyewe hauna budi kuulizwa polepole.

Wengi niliowaona wakianza huachia njiani kabla wiki ya kwanza haijaisha, na majirani husema hawana nia. Mimi nakataa. Mgonjwa hutoka kliniki na karatasi iliyoandikwa maziwa, mayai, ngano, soya na karanga, vyote vimepigwa mstari, na hakuna hata neno moja juu ya kile atakachoweka kinywani asubuhi inayofuata. Asubuhi hiyo inapofika, mezani kuna chai ya maziwa na chapati za familia. Yeye hunywa chai ya rangi tupu, huondoka kwenda kazini, na ikifika saa nne anatetemeka kwa njaa huku sahani ya maandazi ikipitishwa mbele yake. Mtu huyo hakosi nia, amekosa chakula. Ukimwondolea mtu mkate na usimpe kiazi, umemfungisha bila kumwambia kwamba amefunga, kisha unamlaumu kwa kufungua mapema.

Kabla sijaendelea, niseme ambalo lisiposemwa barua hii inaweza kumdhuru mtu. Tumbo linalouma linaweza kuwa na amiba, minyoo au vidonda, na hakuna mlo unaotibu hayo, hivyo vipimo vitangulie. Anayeona damu kwenye choo au anayepungua uzito bila sababu asianze kuhangaika na vyakula, aende hospitali. Anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, huichochea kinga ya mwili iushambulie utumbo wake wenyewe, apimwe wakati bado anakula ngano, kwa sababu akiiacha kwanza kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa ilhali anao. Aliyewahi kuvimba midomo au koo, au kubanwa pumzi baada ya kula karanga, samaki au chakula kingine chochote, asijaribu kukirudisha chakula hicho nyumbani, hata kwa kuonja tu. Watoto wadogo, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye kisukari wasianze mlo huu peke yao bila mtaalamu wa kuwafuatilia.

Nyumbani kwetu Kikuyu, hapa hapa Dodoma, tumeishi na wifi yangu katika kipindi hiki, na jambo lililomsaidia kuliko yote lilifanyika usiku wa kuamkia siku ya kwanza. Tulikaa na daftari tukaandika atakula nini asubuhi, saa nne, mchana na usiku, kwa juma zima, tukitaja chakula kwa jina lake la jikoni. Hatukuandika "vyakula vya wanga", tuliandika viazi vitamu vya kuchemsha. Hatukuandika "protini", tuliandika nyama ya mbuzi na kunde. Kesho yake tulikwenda Soko la Majengo na orodha hiyo mkononi, na tangu siku hiyo mwenye njaa hakuwa na haja ya kufikiri, maana mtu mwenye njaa hafikiri vizuri, huchukua kilicho karibu.

Hapa ndipo ninaposhangaa tunavyojinyima bahati yetu wenyewe. Mtu wa Dodoma akiambiwa aache ngano, wazo la kwanza ni kutafuta dukani mkate wa pekee ulioagizwa kutoka nje, wakati amezungukwa na uwele, mtama na ulezi, nafaka ambazo hazina gluteni kabisa. Ugali wa uwele kwa mlenda, chakula ambacho bibi zetu wa Kigogo walikula kwa sababu mvua zetu ni za msimu mmoja na uwele huvumilia ukame, unatimiza masharti ya daktari karibu yote bila kuongeza kitu. Mlenda wenyewe unahitaji chumvi na magadi kidogo tu, na karanga ambazo wengi huutia zinaweza kuachwa, ukapikwa mtupu ukaliwa vizuri. Uji wa mtama au wa uwele ukikamuliwa ndimu au kutiwa ubuyu hautamani maziwa. Mihogo, magimbi, viazi vitamu, wali, mahindi ya kuchemsha, mchicha na matembele kwa mafuta ya alizeti, hivi vyote viko hapa. Wapo mjini wanaouonea aibu uwele, wakiuona ni chakula cha kijijini. Nawasihi waiweke aibu hiyo kando, kwa sababu kwa mgonjwa aliyeachishwa ngano hakuna chakula kitakachomshibisha na kumkaa tumboni kama huo ugali.

Anayeachishwa maziwa afikirie pia madini ya chokaa, ambayo dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao wana kiasi kizuri, ikiwa samaki hawamo katika orodha yake. Narudia, ikiwa hawamo, kwa sababu orodha hazifanani. Ile inayotolewa kwa wenye matatizo ya utumbo, iliyotayarishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, huondoa hata vitunguu maji, vitunguu saumu na maharage, vitu ambavyo mwenye ukurutu anaweza kuruhusiwa. Wifi yangu aliruhusiwa kunde. Jirani mwenye orodha hiyo nyingine hakuruhusiwa, na kama wangebadilishana karatasi kwa wema wa kijirani wangepotezana wote wawili.

Lipo jambo ambalo naona halisemwi kabisa, na ndilo linalowarudisha nyuma watu siku ya pili au ya tatu. Orodha nyingine huondoa pia chai na kahawa, na wengine huacha chai wenyewe kwa kuwa hawaijui bila maziwa. Mtu aliyezoea kunywa chai nzito kila siku akiikatisha ghafla, kichwa huanza kumuuma ndani ya saa 12 hadi 24, maumivu hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, na yanaweza kuendelea kwa siku kadhaa, hata kukaribia 9. Pamoja na kichwa huja uchovu, usingizi na hasira za haraka. Hayo yote yanatokana na mwili kudai kafeini yake, hayana uhusiano na ngano wala mayai, lakini mgonjwa ambaye hakuambiwa husema, "Mlo huu unaniua," na huacha siku ile ile ambayo maumivu yangeanza kupungua. Dawa yake ni kutangulia: kupunguza chai kidogo kidogo katika wiki moja kabla ya kuanza, kikombe hadi kikombe, ili siku ya kwanza ya mlo isiwe na vita viwili kwa pamoja. Na kama orodha haikukataza chai, basi anywe chai ya rangi yenye tangawizi bila wasiwasi.

Sasa nije kwenye vyakula vinavyojificha, maana mtu anaweza kushika masharti kwa uaminifu wote na bado akala alichokatazwa. Unga wa lishe ndio wa kwanza kuutilia shaka. Unauzwa kama chakula cha kujenga mwili, na kweli unajenga, lakini mara nyingi ndani yake mmechanganywa soya na karanga, na nyingine hutiwa ngano pia. Mgonjwa anayeunywa uji huo kila asubuhi akiamini yuko salama hatapata jibu lolote, hata mlo wake ukidumu mwezi mzima. Soseji nyingi zina soya au unga wa ngano. Mikate na maandazi huweza kuwa na maziwa au mayai yasiyoonekana. Samaki na kuku wa kukaanga mtaani mara nyingine hupakwa unga wa ngano, na mafuta ya kwenye karai yamepitiwa na sambusa tangu asubuhi. Hata mashine ya kusaga inahusika: unga wa kwanza kutoka hubeba mabaki ya kile kilichosagwa na mteja aliyetangulia, kiwe soya, karanga au ngano. Kwa mwenye siliaki au mzio mkali hilo si dogo. Ni vyema kupeleka nafaka mapema asubuhi mashine ikiwa imesafishwa, kumwomba msagaji apitishe kwanza mahindi kiasi, na unga huo wa kwanza kupewa kuku.

Ugumu unaobaki ni wa watu. Sisi ni watu wa karibu chakula, na mgeni anayekataa sahani huonekana ana kiburi au ana neno moyoni. Nimeona mgonjwa akila chapati ya shangazi yake akijua itamdhuru, kwa sababu tu hakupata namna ya kukataa bila kumvunjia heshima. Wazee wetu hawagombani na dozi. Mtu akisema kwa adabu, "Shangazi, daktari amenizuia kwa muda, nikimaliza dozi nitakuja unipikie mwenyewe," hakuna shangazi atakayenuna, na wengi watamwinulia kiazi kutoka kwenye chungu kingine. Mwenye kuanza mlo awaambie wa nyumbani mapema, na achague majuma yasiyo na harusi wala safari. Mume au mke ambaye hahusiki na orodha naye ana sehemu yake, hasa ya kutokukaanga mayai mezani kwa mgonjwa katika siku hizo za kwanza na kumwambia ajikaze.

Na ikitokea mgonjwa akateleza, akala kwa kusahau au kwa kushindwa, asitangaze kwamba kila kitu kimeharibika na kurudi kwenye chapati kwa hasira. Aandike katika daftari amekula nini, saa ngapi, kiasi gani, na mwili ulifanya nini baada ya hapo, kisha mlo unaofuata aendelee kama ilivyopangwa. Kuteleza kulikoandikwa humpa daktari habari, na kuteleza kulikofichwa humpotosha. Daftari hilo liandikwe kila siku kwa maneno mafupi, hata siku ambayo hakuna dalili yoyote, kwa kuwa wakati wa kurudisha vyakula, kimoja kwa siku chache kabla ya kingine, ndilo litakaloonyesha tofauti. Sioni thamani ya mlo huu bila kurudisha vyakula. Nimewajua walioacha maziwa na mayai kwa mwezi wakajisikia nafuu, wakabaki hivyo hivyo kwa hofu, na hadi leo hawajui ni kipi kati ya hivyo kilichokuwa kinawasumbua. Mtu asijinyime mayai maisha yake yote kwa kosa la maziwa.

Ndugu Mhariri, maombi yangu ni mawili. La kwanza ni kwa madaktari wetu, na kwa maafisa lishe walioko katika halmashauri zetu: karatasi ya vyakula vilivyokatazwa iwe na upande wa pili, ulioandikwa kwa Kiswahili cha sokoni, unaotaja vyakula vya juma la kwanza vinavyopatikana Majengo, Kongwa, Mpwapwa au Manyoni, na mgonjwa apigiwe simu au apangiwe kurudi ndani ya siku chache za mwanzo badala ya kusubiri mwezi uishe. Najua foleni zao ni ndefu. Karatasi hiyo ikishaandikwa mara moja itatumika kwa wagonjwa wengi, na itawapunguzia wale wanaorudi wakiwa na malalamiko yale yale.

La pili ni kwa ofisi na waandaaji wa semina, ambao mji wetu wa serikali unao wengi. Chai ya saa nne karibu kila mahali ni chapati, sambusa, yai na chai ya maziwa, na mgonjwa aliye katika siku zake za mwanzo hukaa nayo meza moja kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Fomu ya kujiandikisha semina iongezewe mstari mmoja wa kuuliza nani amezuiwa chakula gani, na mpishi aagizwe kuweka pembeni sinia la viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, iliyochemshwa katika sufuria yake, pamoja na chupa moja ya chai ya rangi.

Wako,
Msomaji wa Kikuyu, Dodoma