Mpishe Mwenye Tanga

Mbeya, 12 Juni

Rafiki yangu Gwamaka,

Ugonile? Huku baridi imeshika kweli, asubuhi hatutoki bila makoti. Nimefurahi kusikia umekabidhiwa usukani wa boti ya injini hapo Matema. Nakuandikia mapema, kabla upepo wa kusi haujachachamaa ziwani.

Zile kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana zilitungwa kwa ajili ya bahari, nami nilizizoea nilipokuwa baharia wa jahazi kule Tanga. Naomba uzishike na hapo Ziwa Nyasa. Mwenye injini humpisha mwenye tanga. Wewe unazungusha usukani unaelekea utakako. Yeye hawezi kuukabili upepo usoni, lazima abishe, mara huku mara kule. Ukimkatia njia anapogeuza, tanga linalegea na chombo kinaishiwa mwendo. Mpishe ungali mbali, ugeuke vya kutosha aone kwamba umegeuka, kisha upite nyuma yake. Naye ashike njia yake ileile, asikubabaishe.

Lakini tanga si ruhusa ya kila kitu. Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye anayepisha, hata kama yeye ana tanga na wa mbele ana injini. Akiwasha injini huku tanga liko juu, basi naye ni chombo cha injini.

Linaloniumiza hasa ni mitumbwi. Kanuni zinamlinda mwenye tanga, zinamlinda na mvuvi aliyetandaza nyavu, ila katika mpangilio huo mwenye kafi hatajwi. Hapo umebaki utu wako tu. Unawajua akina mama wa Kikisi wanaoleta vyungu kutoka Ikombe kwenye soko la Jumamosi pale Lyulilo. Mtumbwi umejaa, ukingo karibu unalamba maji. Boti inapita kwa kasi, haimgusi mtu, lakini mawimbi yake yanampiga ubavuni, maji yanaingia, vyungu vinagongana. Udongo uliochimbwa, ukafinyangwa, ukachomwa, unakwisha hivyo, na aliyesababisha hata hakugeuka nyuma. Sipendi kabisa usikie jina lako likitajwa hivyo ufukweni.

Punguza mwendo kabla hujamfikia. Ukipunguza ghafla ukiwa ubavuni pake, wimbi la nyuma yako halisimami nawe, linaendelea mpaka kwake. Abiria watakuhimiza, na tajiri atapiga hesabu ya safari; waeleze kwa upole, lakini mkono wako usiongeze mafuta.

Usiku ukiona taa za wavuvi wa usipa, wale dagaa wa Nyasa, zizunguke kwa mbali. Usikatize katikati, nyavu ziko chini.

Agosti nitashuka Kyela. Niambie boti inabeba watu wangapi na kama maboya ya kuvaa yanawatosha wote. Yakipungua, tuzungumze na mwenye boti pamoja. Msalimie mama sana.

Ndimi,
Ambakisye