Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Taarab Asilia, Unguja

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulipiga kwenye harusi, tulipiga sikukuu zote mbili, darasa la vijana la Jumamosi liliendelea. Mkutano wa katikati ya mwaka haukufanyika kwa kukosa akidi.

Wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki: mpiga fidla wetu wa kwanza na maalim wa nai, ile filimbi ya mwanzi. Allah awarehemu. Marehemu wa fidla alisawazisha nyuzi nne Kimisri, kwa sauti za sol-re-sol-re kuanzia uzi mnene, badala ya sol-re-la-mi kama wanavyofundishwa watoto wa mitihani ya Kizungu. Faida yake ni kwamba kionjo, yaani kipande kifupi cha mahadhi, kilichopigwa kwenye nyuzi mbili nene hurudiwa kwenye nyembamba kwa vidole vilevile, na uzi mtupu wa jirani huitikia chini ya mahadhi. Sasa vijana wanaiazima ile fidla, wanaupandisha uzi wa juu hadi mi, kisha wanalalamika kwamba vionjo vya mzee "haviingii mkononi". Haviwezi kuingia. Naomba isiguswe.

Nilisema mapema, na kumbukumbu za kikao zipo, kwamba bashraf zake, zile tungo za vyombo bila maneno, zirekodiwe. Zimepatikana tatu tu, kwa simu yangu. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alifariki 1950 na bado tunamsikia kwa sababu kuanzia 1928 alirekodi santuri kule Bombay. Mwimbaji mwenzake Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, ametuachia sauti yake. Mwenzetu wa fidla hakutuachia hata kaseti. Nota peke yake haitoshi: inakuonyesha robo ya sauti, yaani sauti iliyo kati ya zile za kinanda, ilipo, haikuonyeshi namna kidole kinavyoiteremkia.

Sasa lile la sare. Najua ndilo mnalolisubiri.

Kamati, chini ya uongozi wangu, iliamua fedha za sare ziende kutengeneza ganuni, chombo chetu cha nyuzi nyingi kinacholazwa na kudonolewa. Zimesemwa nyingi mitaani, kwa hiyo naeleza kwa urefu. Ganuni yetu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake, kile kipande kinachobeba nyuzi, limesimama juu ya ngozi ya samaki, si juu ya mbao. Masika unyevu huilegeza ngozi, daraja huzama, nyuzi zote hushuka pamoja. Mpigaji anazikaza. Unyevu ukiondoka ngozi hukauka na kujivuta, daraja hupanda, na nyuzi zilizokazwa kupita kiasi hukatika, au ngozi yenyewe hupasuka. Ngozi yetu ni vipande vitano, na viwili vilipasuka. Huwezi kubadilisha viwili ukaacha vitatu vya zamani, maana ngozi mpya na kuukuu hazivutiki sawa na daraja litakaa upande.

Kazi yenyewe: ngozi hulowekwa usiku kucha, huwambwa ikiwa mbichi, hugundishwa na kuachwa kivulini mpaka ikauke kabisa. Nyuzi hazivutwi zote mara moja. Unaanza za katikati, unaruka ruka kwenda pande mbili, kwanza nusu ya mkazo, kesho yake unamalizia. Waliotaka tufunge mshipi wa kuvulia ili tuokoe fedha wajue kwamba mshipi wa dukani hunyooka wiki nzima bila kutulia, na unene wake hauko sawa toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nyuzi tatu za sauti moja hazikubaliani kamwe.

Wapo waliosema tununue kinanda cha umeme. Rast, mojawapo ya makamu (ngazi za sauti) tunazopigia, inataka sauti mbili, ile ya mi na ile ya si, zishushwe robo. Makamu ya Bayati nayo inataka mi iliyoshushwa. Kinanda cha kawaida hakina. Vipo vyenye kitufe cha kushusha, nakubali, lakini kwa kawaida kitufe hushusha kiasi kimoja kwa nyimbo zote, na mi ya Bayati hukaa chini kidogo kuliko ya Rast. Mwanafunzi akizoea kitufe hatasikia tofauti hiyo maisha yake. Wazee wanasimulia kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Hakumpeleka akashonewe kanzu.

Fedha: mapato yote, hafla, ada na mfadhili mmoja, ni shilingi milioni 6 na laki 4. Matumizi milioni 6 na laki 1, ganuni ikiwemo kwa milioni 1 na laki 9. Mhazini ana risiti, ingawa mbili zimefifia.

Ada ni jambo la aibu. Chini ya nusu ya wanachama wamelipa, na miongoni mwa wasiolipa wamo waliopaza sauti kuliko wote juu ya sare. Mazoezini tunakuwa watu sita au saba; mpiga besi huonekana kwa nadra na mpiga dumbak hufika tunapofunga vyombo. Siku ya hafla yenye kutunzwa, jukwaa halitoshi. Ganuni, fidla na udi haviwezi kuzoeana ikiwa kila mmoja anafanyia mazoezi kwake.

Mwakani, inshallah, tunatarajia kurekodi nyimbo za zamani, kupata mwalimu wa nai, na sare nazo zitaangaliwa hali ikiruhusu.

Ufunguo wa chumba cha vyombo utabaki kwangu mpaka atakapopatikana mtu wa kuufuta unyevu masika. Ada zipokelewe leo mlangoni kabla ya chai.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti