Sili mpya, oili bado inamwagika

Mhariri,

Kila nikifungua gazeti lenu naona habari za matrekta mapya, sawa, lakini sisi huku Masindi, Uganda, bado tuko na Massey Ferguson 135, ile walianza kuitengeneza Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na hakuna anayetuandikia.

Yangu ilianza kuvuja nyuma, pale kwenye shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini kuzungusha mashine, tunapofungia mashine ya kupukuchua mahindi. Mwanzo tone tone, baadaye unaamka unakuta dimbwi. Na kwa 135 oili ya giaboksi, difu na haidroliki ni hiyo hiyo moja, ikipungua hata plau inanyanyuka kwa uvivu. Fundi akaja akabadilisha sili, ule mpira wa duara unaobana shafti oili isitoke, siku mbili inavuja. Akaweka ingine, inavuja. Yeye anasema sili ni feki, dukani wananiambia ssebo (bwana), tatizo ni fundi wako, mimi katikati natoa hela tu.

Ya tatu nikasema nafungua mwenyewe. Nikapaki pua ikiangalia bondeni ili oili ikimbilie mbele, nikafungua bolti, nikavuta shafti nje nikaifuta na dizeli. Nikapitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa, ukucha ukakwama. Kumbe ule mpira na vumbi la miaka yote hiyo vimekula chuma mpaka kukawa na mfereji, sasa hata uweke sili ya dhahabu itakalia shimo! Fundi hakuangalia, yeye ni nyundo tu, na sili yake ya pili alikuwa ameigeuza, upande wenye springi uko nje badala ya kuangalia oili.

Sili yangu sikuigonga mpaka mwisho, niliiacha kama milimita mbili hivi ili mdomo uangukie chuma kizima. Meno ya shafti niliyafunga na kavera, mfuko wa plastiki, nikapaka grisi juu yasichane mpira (hiyo hiyo kavera tunayokatazwa kila siku). Msimu mzima wa mahindi umepita, chini pakavu.

Mhariri, tupeni hata nusu ukurasa kwa mambo kama haya. Na wenye maduka, mtu akija na shafti mkononi msimfukuze, mwacheni apime, trekta hii ni ya inchi na nyinyi mnatupa sili za milimita eti zinakaribiana.

Mkulima wa mahindi,
Masindi