Ukimrekodi shangazi

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumai shangazi na wote hapo Masindi hamjambo. Huku Leicester tu wazima.

Vitabu vyote viwili ninavyoandika, cha Wachwezi, wafalme wa hadithi za kale za Bunyoro, Uganda, na cha kumbukumbu za nyumbani, vinamtegemea shangazi. Wewe ndiwe utakayemrekodi, kwa hiyo soma polepole.

Zima data ya simu na utoe laini, maana simu ikipigwa rekodi hukatika. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu naye. Kwenye meza tupu kila kikombe kinachowekwa kitasikika kuliko yeye. Mawingu yakitanda ahirisha, mvua juu ya bati hufunika sauti yote. Taja tarehe na mahali kwanza. Jioni ile ile yaandike maneno yake kama yalivyotoka, hata akichanganya Kinyoro.

Usimuulize mwaka. Mtu akiulizwa mwaka hutaja ule aliousikia redioni. Muulize hivi: Wahindi walipofukuzwa, nguo za Idi mlinunua duka gani, na nani alikuwa akiuza? Amin alitangaza Agosti 1972, akatoa siku 90, na muda ukaisha mapema Novemba, karibu na Idi yenyewe. Jibu lake litatuonyesha duka lilifungwa lini na nani alilichukua. Wengi waliofukuzwa walihamia mji huu, na safari ya kuondoka wanaweza kuisimulia wenyewe. Yaliyotokea dukani baada yao anayajua aliyebaki. Bei ya chumvi na sabuni mwache aitaje mwenyewe. Ukimtangulia atakuitikia tu, kwa adabu.

Wachwezi ni kazi nyingine. Nataka kisa cha mfalme Isaza na Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, hasa pale pa kahawa. Buni ina vipande viwili: mtu hupaka damu yake, mwenziwe akameza, wakawa ndugu. Isaza aliogopa, akampelekea Nyamiyonga damu ya Bukuku, mlinzi wa lango lake. Muulize nani aliichukua ile buni, ilifungwa kwenye nini, damu ilikuwa imekauka au la. Mapango ya kuzimu naweza kuyabuni, lakini udanganyifu huo siugusi kamwe. Ndio uliomfanya Nyamiyonga amvute Isaza chini, Bukuku akakalia kiti, hata Ndahura, mjukuu wa Isaza na wa Bukuku pia, akaja kumuua Bukuku. Ukiiondoa damu hiyo, Ndahura anakuwa muuaji tu asiye na kisa, na wasomaji wa Bunyoro watakitupa kitabu, nao watakuwa na haki.

Shangazi akisimulia tofauti na hivi, andika yake, na pembeni uandike alisikia kwa nani. Usimwambie kwamba mimi nina nyingine.

Nusu saa kwa siku inatosha. Nitumie rekodi zenyewe, na usifute chochote kabla sijakujibu. Pesa za daftari na nauli nitatuma Ijumaa.

Mshikie shangazi miguu kwa niaba yangu.

Dada yako